Chandarua cha Chumbani Kwenu

Matombo, 9 Aprili 2005

Mkwe wangu Pazi,

Habari za huko kwenye miwa? Huku mvua haijakatika. Barabara imeporomoka, ndizi zinaivia shambani hazina mnunuzi. Mbuzi wako amezaa mapacha.

Mkeo Semeni anakusalimu. Bado hana nguvu, ila uji anakunywa.

Baba, mtoto alizaliwa Jumanne, hakulia. Wa kiume. Tumemzika kule juu, kwenye migomba yangu mimi bibi yake.

Nesi amesema ni malaria, ilijificha kwenye kondo la nyuma. Akauliza kile chandarua cha hati punguzo ya kliniki ya wajawazito kiko wapi. Nikamjibu kipo, kimetundikwa. Sikudanganya. Kilikuwa juu ya kitanda chenu, vilevile ulivyokifunga kabla hujaondoka.

Ila tumbo lilipokuwa kubwa nilimhamishia Semeni kwangu, nimsikie uchungu ukianza. Akasema, "Mama, nikakifungue tukilalie." Nikamkemea: mimi mtu mzima nitalalaje kwenye chandarua cha mkwe wangu? Basi tukaumwa na mbu miezi miwili, chandarua kinalinda kitanda kitupu.

Jana nimeingia chumbani kwenu. Najua mama mkwe haingii humo. Nimekifungua, nimemtundikia mwanangu, mimi nimelala nje yake kwenye mkeka.

Ukija, usinikwepe njiani kama desturi yetu inavyotaka. Simama, unitazame usoni.

Ni mimi mkweo,
Mama Semeni