Sakafu iliyomwagwa mara mbili

Alhamisi, mwezi wa tatu, 1997

Beto, yaani zege, ya sakafu ya ghorofa humwagwa siku moja, bila kusimama. Ndiyo maana jana niliita watu wote na kutoa mifuko yote ya sima, yaani saruji. Saa nane mchana risasi zikalia upande wa vilima, wafanyakazi wakakimbilia kwao. Tulikuwa tumefika nusu.

Leo asubuhi nimeikuta ile nusu ngumu kama jiwe. Nikamwambia mwenye nyumba, mzee Seif, kwamba tukiunganisha hivi hivi itapasuka palepale kwenye kiungo. Ivunjwe, tuanze upya.

"Sima ya kuanza upya utatoa wapi, Salumu? Na hii embago, hakuna bidhaa inayovuka mpaka?" Kisha akashusha sauti. "Watoto wangu wako Kigoma tayari. Duka langu la mtaa wa Asiatique nalifunga. Maliza tu ionekane nyumba, nipate wa kumuuzia."

Wa kumuuzia. Yaani kuna mtu atalala chini ya ile sakafu na watoto wake, na mimi...

Tulichukua nyundo, mimi na fundi Nestori, tukachokoa ukingo wote wa ile nusu, tukauosha, tukaupaka uji wa sima. Zaidi ya hapo sikuwa na la kufanya. Miaka kumi na tisa najenga mji huu, sijawahi kuacha nyuma yangu kazi mbovu namna hii.

Kabla ya kumwaga, Nestori akaniangalia. "Shefu, we unaona itashika kweli?"

"Itashika," nikasema.

Sijawahi kumdanganya kabla ya leo. Nadhani alijua. Aliinama tu, akamwaga.