Visu Vitatu na Kitanda cha Mjukuu

Jumatano, 18 Oktoba
Divakaran kapitisha ubao wa mlango wa zamani kwenye mashine yangu ya randa. Ati, "Nimeukagua, hauna msumari." Ulikuwa nao! Mume wangu ana macho mazuri sana — ya kutazamia mpira. Visu vyote vitatu vina mapengo. Mbao za mfenesi za kitanda cha bembea cha mjukuu zinatoka kama zimetafunwa na mbuzi. Na sherehe yake ya siku ya ishirini na nane tangu azaliwe, atakapolazwa humo, ni tarehe 26.

Mama mkwe, barazani: tangu lini mwanamke akanoa visu vya mashine? Dukani kuna vitanda vya plastiki. Vya rangi ya waridi. Vinaimba!

Ahsante, mama.

Alhamisi, 19 Oktoba
Kisu cha kwanza. Kinoo, maji, kibao cha kukishikia kisu kisiyumbe. Nusu siku. Mgongo si wangu tena.

Ijumaa, 20 Oktoba
Cha pili. Mama mkwe kapita bandani mara nne, anatafuta kuku. Hatuna kuku.

Jumamosi, 21 Oktoba
Cha tatu kikaidi, pengo lake refu. Kukipunguza hicho ni kuvipunguza vyote, upana uwe sawa, la sivyo mashine itatetemeka kama ina homa. Nimerudi kinooni na vyote. Hata kula nimesahau.

Jumapili, 22 Oktoba
Nimemaliza saa kumi! Vinanyoa nywele. Mkono wangu wa kushoto hauna hata unyoya. Nimefurahi mno, peke yangu, bandani.

Nikaenda kuoga. Kosa. Leo jioni zana zinawekwa mbele ya Saraswati, mungu wa kike wa elimu, na uchamungu wa Divakaran, unaoamka mara moja kwa mwaka, ukaamka. Kakusanya vitabu, kalamu, nyundo — na visu vyangu, kabla sijavipaka mafuta! Kavipaka liwa ya msandali iliyolowa maji. Maua mabichi juu. Hariri nyekundu juu yake. Ndiyo desturi ya sikukuu: hakuna kugusa zana wala kuandika mpaka Jumanne asubuhi.

Nikamwambia vitashika kutu, na Jumanne hakuna muda wa kunoa upya. Mjukuu atalala kwenye plastiki.

"Saraswati atavilinda."

Kama alivyokulinda wewe na msumari.

Sasa Divakaran analitaka na daftari hili, liwekwe humo. Haya, Saraswati na alisome.

Jumatatu, 23 Oktoba
Leo ni haramu kuandika. Naandika.

Wote wamekwenda hekaluni — nilidhani wote. Nikachukua kopo la mafuta ya nazi, nikanyata hadi chumba cha sala. Mama mkwe kakaa sakafuni. Hariri kaifunua. Kisu kiko mapajani, anakifuta liwa kwa pindo la nguo yake.

"Ulikuwa unangoja nini, Ammini? Funga komeo, lete hayo mafuta."

Kidole gumba kinamtoka damu. Akakitazama, akakinyonya.

"Vinakata," akasema.

Miaka thelathini na moja katika nyumba hii, ndilo neno la kwanza la sifa. Nikajifanya natafuta daftari chini ya maua, nikalichomoa kweli.

Divakaran karudi mapema. Anagonga. "Nani kafunga komeo?"

"Nasali!" mama mkwe anafoka. "Mtu hawezi kusali?"

Kimebaki kisu kimoja, kimeanza madoa ya kutu. Ananiashiria niache kuandika, nikishike