Pembe Nne, au Mbili

Mahabusu, 4 Machi

Kitindamimba wangu,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, ila mgongo haujazoea sakafu. Wewe hujambo? Wajukuu zangu je, na mkwe?

Umesikia kwa watu, sasa sikia kwangu. Jumatatu asubuhi askari wa wanyamapori waliingia karakanani, wakaenda moja kwa moja kwenye rundo la mbao, wakavuta gunia. Ndani mna vipande vya pembe za ndovu. Nilishangaa mpaka nikacheka, na kucheka kwangu nako kukaandikwa.

Kisha wakakaa kujaza fomu. Mwandishi akaandika "pembe nne." Nawe unanijua, siwezi kuona kipimo kibaya nikanyamaza. Nikamwambia, "Afande, hapo umekosea. Hii ni pembe moja iliyokatwa katikati, na hii vivyo hivyo. Ni mbili." Nikaviunganisha, vikakaa barabara. Wakatazamana.

Kortini mwendesha mashtaka akauliza: asiyejua kilichomo guniani angejuaje hayo? Dhamana nikanyimwa. Nilikuwa namsaidia tu kuhesabu!

Kichwa kinaniuma kwa kuwaza. Ufunguo wa karakana ninao mimi, na wa pili uko kwako. Hukumwazima mtu?

Baba yako, fundi.

11 Machi

Shikamoo Baba,

Mgongo unaendeleaje? Sisi wazima, wajukuu wanakuulizia.

Ufunguo uko kwenye msumari wake na sikumwazima mtu. Mume wangu anasema tuwaangalie vibarua wako wa zamani. Anasema pia tusiandikiane sana, tumwachie wakili kazi. Maskini, jambo hili limemshika kuliko mimi. Tangu ukamatwe hasafiri na lori, anashinda nyumbani, hata vyombo anaosha.

Baba, usinikasirikie. Una hakika hukumwekea mtu mzigo wake? Kusema hapana hujui. Nauliza kwa sababu watu wananiuliza. Sielewi kitu.

Kitindamimba wako.

29 Machi

Binti yangu,

Natumaini hamjambo. Mimi nipo.

Nilikukasirikia, ndiyo maana nimekawia. Yamekwisha.

Juzi tulirudi kortini. Vipande viliwekwa mezani, vimefungwa vikaratasi vya namba, na safari hii nilivitazama vizuri. Aliyekata anatumia mkono wa kushoto, na akikaribia kumaliza huchoka, msumeno ukamwendea upande. Nimewafundisha wengi kukata mbao. Wa namna hiyo nilimfundisha mmoja tu.

Sasa acha habari za ufunguo. Kesi itatajwa tarehe kumi na nane mwezi ujao, na siku hiyo nitakiri kosa. Wakili amenigombeza mpaka jasho likamtoka. Anasema ni miaka mingi, huenda nisiimalize. Basi. Mimi nimekula chumvi nyingi. Wewe una watoto wawili, wanamhitaji baba yao nyumbani.

Baba yako.

6 Aprili

Baba, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara tano. Kwa nini umemtaja baba yao? Ulimfundisha nani? Mume wangu ulimfundisha wewe, kabla hujamwoza mimi, na anatumia kushoto. Lakini wenye kushoto ni wengi, sivyo? Niambie ni wengi. Na tafadhali usikiri chochote.

Kitindamimba.

9 Aprili

Binti yangu,

Ni wengi. Nimezeeka, macho yananidanganya. Wabusu wajukuu.

Baba.

14 Aprili

Shikamoo Baba yangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Mimi si mzima.

Jana niliweka barua zako mbele ya mume wangu. Alikana, akapandisha sauti, mwisho akakaa chini. Alipewa pembe azisafirishe. Akachukua ufunguo siku uliyokwenda kuagiza mbao, akazikata ili ziingie guniani, akazificha kwako. Nikamuuliza, na baba yangu je? Akajibu, "Mzee yule, watamwonea huruma."

Nimeishi naye miaka kumi na moja. Nampenda, hata leo, na hilo ndilo linalonichanganya. Watoto nitawaambia nini sijui. Kituo cha polisi nimefika mlangoni mara mbili, nikarudi.

Lakini wakili wako ameniambia kwamba barua za mahabusu husomwa ofisini kabla hamjapewa. Kwa hiyo maneno haya ni yako, afande unayesoma: aliyezikata na kuzificha ni mume wangu, dereva wa lori. Alinieleza kwa kinywa chake, nami nitayarudia mbele ya hakimu. Anwani iko juu ya bahasha. Yupo nyumbani, anawalisha watoto, anadhani nimekwenda sokoni.

Baba, nisamehe. Usikiri.

Afande, ukishaandika unachotakiwa kuandika, tafadhali mpe baba barua yake.

Binti yake.