Biblia Tano na Mama Mkwe Mmoja

Ijumaa asubuhi, Kitale. Mvua ya jana imeacha tope mpaka mlangoni, na ukungu umefunika Mlima Elgon hata huwezi kujua kama bado uko pale ama Waganda wameuvuta upande wao. Nimechoka. Si uchovu wa jembe, huo naujua na ukilala unaisha. Huu ni uchovu wa kusoma, na mimi niliacha shule darasa la tano nikidhani nimemalizana na mambo hayo.

Mezani kwangu kuna Biblia tano. Mtu akiingia sasa hivi atadhani nimeokoka mara tano. Kuna ile nyeusi ya zamani ambayo jalada lake limeshikwa na gundi na maombi. Kuna ya Kiswahili cha siku hizi, nyepesi, inasomeka kama barua ya chifu. Kuna ya Kibukusu. Kuna ya Wakatoliki niliyoazima kwa jirani, yenye vitabu vya ziada kama debe lililojazwa na shumbi juu. Ya tano ni ya Kiingereza, na Kiingereza mimi nakisoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Nikikosa jiwe moja, nimelowa.

Zote tano ni kwa sababu ya mama mkwe wangu.

Yuko Naitiri, kwa binti yake wa mwisho, Nasimiyu, ambaye ni shemeji yangu. Ana miaka tisini na kitu, na hicho kitu hakuna anayekijua. Macho yaliisha zamani. Tangu Pasaka hali chochote ila uji, na huo uji ni vijiko vitatu, vinne, halafu anasema ameshiba. Mwezi uliopita akatuma neno. Kabla hajaenda, anataka kusomewa kile kitabu kifupi cha mjane aliyekataa kumwacha mama mkwe wake. Kizima, kama kilivyo. Na asomewe na mimi.

Mbona mimi? Nasimiyu alifika sekondari, mimi nasoma na kidole. Nilipomuuliza akasema, "Shemeji, mimi ni posta tu. Barua ni yako."

Mke wangu Nekesa, ambaye ni dada yake mkubwa, alitangulia miaka minne iliyopita. Ungefikiri mkwe asiye na mke ameachiliwa aende zake. Wapi. Kwetu Wabukusu ukwe hauzikwi na mtu. Mpaka leo sijawahi kumpa mama mkwe wangu mkono, sijawahi kutaja jina lake, na mpaka juzi sikuwa nimeketi naye nyumba moja. Nikimwona njiani enzi hizo nilikuwa naingia kwenye mahindi ya watu, naye anaingia kwenye mahindi ya upande wa pili, tunangoja njia ibaki tupu. Kuna siku tulingoja sana, kila mmoja akidhani mwingine bado hajapita. Ng'ombe walitupita wote wawili.

Kwa hivyo kusoma kwenyewe ni hivi. Mimi naketi nje kwenye kigoda, chini ya dirisha, mgongo ukiwa ukutani. Yeye yuko ndani kitandani. Nasoma kwa sauti. Akitaka kusema neno anamwambia Nasimiyu, na Nasimiyu anachungulia dirishani kuniambia kitu ambacho nimeshakisikia kwa masikio yangu.

Alhamisi ya kwanza nilienda na ile nyeusi. Nikasoma mpaka jasho. Nikasikia kutoka ndani, "Mwambie si yenyewe. Imepungua."

"Shemeji," Nasimiyu akachungulia, "mama anasema si yenyewe. Imepungua."

Alhamisi ya pili, ya Kiswahili cha siku hizi. Imepungua. Ya tatu nikapeleka ya Kibukusu, nikiwa na hakika nimeua ndege. Nasimiyu aliniambia mama alikuwa ananifuata kwa midomo, anatikisa kichwa kama mtu aliyefika kwao. Nikamaliza. Halafu, polepole kabisa, "Mwambie hata hiyo imepungua."

Nilirudi Kitale nimevunjika. Nikajiambia, bibi huyu alifunzwa kusoma misheni akiwa msichana, huenda walikuwa na tafsiri yao nyingine. Nikazunguka kwa wauza vitabu vikuukuu mjini mpaka wakanizoea. Ndipo nikapata ya Kiingereza na nikaazima ya Wakatoliki. Nikazipanga zote tano mezani, nikaanza kulinganisha mstari kwa mstari kama karani wa mahakama.

Na nakwambia, kazi hiyo ina utamu wake ingawa inaua macho. Chukua pale mjane anapokataa kurudi kwao. Katika ile nyeusi anakataa kama mtu anayekula kiapo mbele ya wazee. Katika ya siku hizi anakataa kwa upole, kama mgeni anayesema chai inatosha. Kwa Kibukusu amekasirika kabisa, unaona mtu amepiga mguu chini na mzigo uko kichwani. Mwanamke ni mmoja, lakini kila mtafsiri amemwona akiwa na sura ya mamake mwenyewe.

Pasta wangu alipita Jumanne akaona meza. Akasema, "Mzee, neno ni moja. Unajichanganya bure."

Nikamwambia, "Pasta, hata wewe ni mmoja, na una koti tatu."

Hakuketi.

Sasa hapa lazima nikiri, na nyinyi wawili watatu mnaosoma huu ukurasa msiende kumwambia pasta. Kuna mahali nilikuwa naruka.

Wanaokijua kitabu hicho wanajua mahali penyewe. Ni wakati wa mavuno. Mama mkwe anamwambia yule mjane kijana aoge, ajipake mafuta, avae vizuri, aende uwanjani usiku mahali ambapo jamaa mmoja mwenye mali amelala kando ya nafaka yake, ajilaze miguuni pake. Sasa niambie wewe, hayo nitamsomea mama mkwe wangu na mdomo gani? Mtu ambaye hata "habari ya asubuhi" inapitia kwa posta?

Na tafsiri hazinisaidii. Ile nyeusi inapita hapo imeinamisha kichwa, kama shemasi anayepita kando ya kilabu. Ya siku hizi inaeleza kila kitu mpaka unatafuta mlango. Ya Wakatoliki imeweka maelezo madogo chini ya ukurasa, na hayo maelezo ni mabaya kuliko hadithi. Lakini ya Kibukusu ndiyo iliniua, maana kwa Kibukusu hakuna pa kujificha. Kila mtu anajua uwanja wa mahindi wakati wa mavuno ni mahali gani.

Basi kila Alhamisi nilikuwa nikifika hapo nakohoa, nageuza ukurasa, naibukia asubuhi yake wakati mambo yameshaisha. Nikadhani nimefanya adabu. Wiki tatu bibi anasema imepungua, na mimi nazunguka Kitale nzima kutafuta tafsiri iliyojaa. Ni kama mtu anayebadilisha ndoo na shimo liko kwenye mkono wake.

Haikunijia kabisa. Na yeye je, angeniambia vipi? Adabu iliyonifunga mimi mdomo ndiyo iliyomfunga yeye.

Jana ilikuwa Alhamisi ya nne. Nilibeba ya Kibukusu na ile ya Wakatoliki. Nimesoma kidogo tu, mvua ya Naitiri ikashuka bila salamu. Mabati yakapiga kelele hata mimi mwenyewe sikujisikia. Nikasimama maji yakinishukia shingoni, nikamwambia Nasimiyu nitarudi wiki ijayo. Nasimiyu akarudi kitandani kwa mama, akakaa, akatoka nje na uso mwingine.

"Mama anasema wiki ijayo ni mbali. Ingia."

"Niingie wapi?"

"Shemeji, ingia. Nimetundika leso."

Kweli alikuwa ametundika leso yake ya kujifunga kutoka ukuta hadi ukuta, katikati ya chumba. Nikaingia nyumba aliyomo mama mkwe wangu kwa mara ya kwanza tangu nioe. Nikaketi upande wangu wa leso nikiangalia mlango kama mwizi. Leso ilikuwa fupi, na chini yake niliona soksi mbili za sufu zimening'inia kitandani. Nikageuza kigoda haraka.

Nikasoma. Mvua ilipopungua kidogo, nilikuwa nimefika mahali pale. Nikakohoa. Nikashika ukurasa nigeuze.

"Mwambie," sauti ikasema nyuma ya leso, "asikohoe."

Nasimiyu aliniangalia. Hakurudia. Hiyo moja hata posta aliona imefika.

Nikasoma. Nilisoma kama mtu anayekimbia kwenye makaa, bila koma, bila nukta. Maji ya kuoga, mafuta, nguo, uwanja, miguu, yote nikamwaga kwa pumzi moja masikio yakiwaka moto. Nikafika asubuhi yake nikaendelea hadi mwisho, hadi mtoto akazaliwa akawekwa kifuani kwa bibi kizee. Nikafunga kitabu. Mvua imekuwa manyunyu.

Nikangoja aseme imepungua.

Akasema, "Mwambie mafuta yalikuwa yangu."

Nasimiyu akasema, "Mafuta gani, mama?"

"Mwambie tu."

Niliketi pale nikahesabu miaka. Nekesa alikuwa mjane nilipomwoa, mumewe alikufa hata mtoto hawajapata. Mimi nilikuwa nimetoka Kitale kuja Naitiri kibarua cha kupiga mahindi kwa fimbo, nalala uwanjani kulinda magunia. Jioni moja akaja na chupa ya chai, amependeza, anang'aa hadi shingoni, anauliza kama sisi watu wa Kitale hatusikii baridi. Nikamchekesha. Akaketi. Maisha yangu yote nimewasimulia watu jinsi nilivyomnasa binti wa watu kwa ulimi wangu. Nimesimulia kwenye harusi. Nimesimulia kwenye matanga yake mwenyewe, kaburi likiwa bichi, na huyu mama ameketi na akina mama wengine ananisikia.

Kumbe mimi ndiye niliyekuwa nimelala kando ya nafaka.

Na Nekesa alinyamaza. Zaidi ya miaka arobaini aliniacha nijisifu, ananiongezea chai.

Nikauliza, kupitia Nasimiyu, kama leo imetosha. Jibu likaja kwamba leo imejaa. Halafu akaomba uji, na Nasimiyu akaniambia mlangoni kwamba ameumaliza wote na kikombe amekipangusa kwa kidole.

Kwa hivyo asubuhi hii niko hapa na vitabu vitano na mgongo unaouma, na sijui nimkasirikie nani. Wanawake wawili walinitafsiri zamani, wakanisoma mwanzo hadi mwisho, na mimi nikijidhani ndiye mwandishi. Ningependa kumuuliza Nekesa kama alikuja kwa kutumwa tu ama hata yeye alitaka. Mama yake anajua. Lakini swali kama hilo mkwe analiuliza vipi, hata leso ikiwa nene namna gani?

Ya jirani nitairudisha leo. Alhamisi, Mungu akimwacha mpaka hapo, nitaenda na ile nyeusi, nianze ukurasa wa kwanza. Na nikifika uwanjani nitasoma polepole.