Yai la Pili la Mzee

MAELEZO YA SHAHIDI, yaliyoandikwa kituoni Jumatatu tarehe 15, saa tatu asubuhi

Jina: Redio, ndivyo mtaa mzima unavyoniita. Umri: miaka 54. Kazi: fundi makochi, namba moja mji huu (Afande amesema hilo si lazima, liandikwe tu). Makazi: nyuma ya karakana ya mbao.

Mimi ni mjomba wa mtuhumiwa. Yeye ni muuguzi wa zahanati, na ndiye aliyenipeleka kwenye kambi ya ukimya. Aliniuliza, "Mjomba, siku tatu bila neno, utaweza kweli?" Nikamjibu, "Mwezi mzima nautafuna kama karanga."

Mnamo Ijumaa tarehe 12, saa kumi jioni, tulipokelewa. Anayetaka kwenda ajiandae: simu inaachwa kwenye kapu mlangoni, kengele inagongwa saa kumi na moja alfajiri, unakaa mkekani mpaka miguu inakufa ganzi, na tumbo likinguruma ukumbi mzima unajua ni lako. Chakula kinaliwa macho yamefumbwa, eti ulimi ujionee wenyewe. Lakini ni raha, Afande! Siku ya pili nilisikia mende akitembea darini. (Nimeulizwa kama ni kweli. Nilisikia kitu.)

Kabla ya kengele ya kuanza ukimya, mpwa wangu aligombea mkeka wa dirishani na mwalimu mkuu mstaafu, mzee wa miaka sabini. Mzee alisema, "Binti, hata kwenye kimya kuna wakubwa." Mpwa wangu akacheka: "Haya, baba. Tukifumba macho tutaonana." Ulikuwa utani. Lakini watu wote ishirini waliusikia, na ndiyo maneno ya mwisho waliyoyasikia kwake.

Mnamo Jumapili tarehe 14, saa moja na nusu asubuhi, tulikuwa tunakula mkate na mayai ya kuchemsha. Mzee alikaa kushoto kwangu, mpwa wangu kulia. Watu walipofumbua macho walimkuta mpwa wangu yuko nyuma ya mzee, ngumi zake tumboni kwa mzee, na mzee amezirai. Ubavu mmoja umepasuka, na yeye hakumbuki kitu. Mwanawe, muuza matairi, ndiye mlalamikaji, na hasadiki mpwa wangu anaposema mzee alipaliwa.

Mwanzoni nilieleza kwamba nilifumbua macho niliposikia mzee anapaliwa. Mlalamikaji akaniambia hapo kaunta, "Basi na wewe uliona mwisho tu, kama wenzako." Hajakosea. Kwa hiyo narekebisha.

Sikufumbua, kwa sababu sikuwa nimefumba. Tangu mlo wa kwanza sikufumba macho hata mara moja, ingawa jana jioni niliutangazia mtaa mzima kwamba kambi ile niliimaliza bila kosa. Saa ile nilikuwa nimenyoosha mkono kuchukua yai la pili la mzee. Ndiyo maana niliona kila kitu, tena kwa umbali wa shibiri. Aliuma lile la kwanza, akakohoa mara moja, kisha pumzi haikuja. Akashika koo. Midomo ikabadilika rangi.

Mimi ninayeongea hata usingizini, sauti haikutoka. Niliogopa watu wataukuta mkono wangu kwenye sahani yake. Nikamkanyaga mpwa wangu mguu.

Akafumbua macho, akaruka, akamzungushia mzee mikono kwa nyuma, akambana mara nne. Kipande cha yai kikatoka kama risasi, kikavuka ukumbi, kikamgonga kiongozi wa kambi kifuani! (Afande ametaka vipimo: hatua tatu. Shati lake bado lina doa la kiini.) Mzee akavuta pumzi, kisha akalegea mikononi mwa mpwa wangu. Afande, sijawahi kusikia kitu kitamu kama pumzi ile! Nikapiga kelele, "Amerudi!" Ndipo wote wakafumbua macho.

Mpwa wangu hakumpiga mtu. Nimesema kweli yote, na kosa la yai niandikwe mimi.

Saini: Redio

MAELEZO YA OFISA: Shahidi amesomewa haya na kukiri ni sahihi. Mlalamikaji alikuwa benchi la mapokezi na ameyasikia yote, kwa kuwa shahidi hajui kuongea taratibu. Ameomba kumwona mtuhumiwa. Nilimsindikiza nikihofia fujo. Alisimama mbele yake, akasema, "Dada, sikujua." Mtuhumiwa akamuuliza kama mzee ameanza kumeza vizuri. Malalamiko yameondolewa saa nne na nusu. Shahidi ameshangilia na kupanda juu ya benchi. Ameonywa.

Sajini wa zamu