Docta alisema nini

Jumanne, usiku

Docta amefanya vile tena. Alisema kwa Kifaransa kwamba dawa zimeshindwa, mutoto hatapona, kisha akaenda kitanda kingine. Mama wa mutoto, yule aliyetoka Shituru, asiyejua Kifaransa, akanishika mukono.

"Docta alisema nini, mama?"

Kila siku sisi wauguzi ndio tunabaki na macho ya watu. Miye nimechoka. Nilimuambia docta alisema dawa inaenda polepole, tungoje.

Akafunua bukari yake, ugali uliokuwa umepoa, akala. Tangu Jumamosi alikuwa hajagusa chakula.

Ningemunyang'anya vipi lile tonge?

Kesho docta akipita, huyu mama atamushukuru. Naye docta atanigeukia mbele ya mama huyo, aniulize kwa Kifaransa anashukuriwa nini.