Breki ya Ekzosi na Mteremko wa Boito

Mjukuu wangu Akinyi,

Pokea salamu kutoka Kiptere. Mvua imetukubali, na nyanya yako amepona goti. Jumapili alienda kanisani kwa miguu.

Umeniuliza kama uweke breki ya ekzosi kwenye lori lako la kuvuta magari. Weka, lakini kwanza fundi aangalie kama injini yako itaivumilia.

Nikiwa dereva kijana wa shamba la chai, nilivuta kwa lori trekta lisilo na breki kwenye mteremko wa Boito. Makanika wetu, Kiprono, alikaa juu ya trekta akishika usukani. Nilishuka na gia kubwa, nikikanyaga breki njia nzima, mpaka magurudumu yakatoa moshi na pedali ikazama bure. Niliingiza lori ndani ya chai, na ile miti mifupi iliyoshikana ndiyo ilitusimamisha.

Kiprono alikuja polepole. "Odhiambo, breki ni ya kusimama. Kuteremka, iachie injini."

Breki ya ekzosi hufanya hivyo: huzuia moshi usitoke haraka, na injini yenyewe hulishikilia lori. Hata ukiwa nayo, ingiza gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka.

Nilimuuliza Kiprono kwa nini hakuruka kutoka kwenye trekta.

"Ningeruka, trekta lingepinda na kukutupa bondeni," akasema. "Na wewe ulikuwa unaangalia mbele tu."

Tangu siku hiyo, kabla ya kuvuta gari lolote, nilienda kwanza nyuma kumsalimu aliyeshika usukani.

Ni mimi babu yako,
Odhiambo